Niliitoa simu mbovu mlangoni, nzima nikaingia nayo

Assalamu alaykum Somo,

Mimi ni msichana wa miaka 16, niko kidato cha tatu, nakaa Langoni hapa Lamu. Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana mchana nikiishika simu mikono hunitetemeka.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kwetu. Usiku wa kupamba wanawake tulijaa nyumbani kwa bibi harusi, na kama ilivyo kawaida simu zilikusanywa mlangoni. Mimi nilikuwa na simu mbili, ile ya zamani iliyokufa kioo na hii ninayotumia. Niliitoa ile mbovu, nzima nikaingia nayo kwenye pochi. Wallahi sikuwa na nia mbaya, nilitaka kujipiga picha na nguo yangu tu.

Chakacha ilipokolea, binti ami yangu aliingia kucheza. Ana miaka 17, ni mtu wa haya tangu utotoni, na nje hatoki bila buibui na ushungi. Usiku ule alikuwa amejifunga leso kiunoni, nywele ameziachia, asumini kichwani, akacheza mpaka kina mama wakampigia vigelegele. Nikamrekodi kama sekunde 20. Alipendeza sana, Somo. Nikaiweka kwenye status ya WhatsApp na nikachagua watu 9 tu waione, wote wasichana wa darasani kwetu. Niliandika "dadangu huyu, mashaallah". Asubuhi nikaitoa.

Siku ya tatu nikaiona video ile ile kwenye grupu la vijana wa mtaa, ina ile mishale miwili ya kuonyesha imesambazwa mara nyingi, na juu yake mtu amebandika maneno machafu. Jioni ikawa iko TikTok, wameitia muziki mwingine. Ami amemnyang'anya binti yake simu na kumkataza masomo ya jioni, anasema hangecheza vile kama hakujua anarekodiwa. Alipopita Mkunguni, vijana walimwita kwa maneno yale yale ya kwenye video. Tangu siku hiyo hatoki. Mimi ndiye ninayempelekea madaftari. Huniegemea begani akalia, ananiuliza, "Ni nani aliyenifanyia hivi?" Nami namjibu, "Sijui."

Sasa kumezuka jambo jingine. Namba nisiyoijua imeniandikia kwamba inajua ni mimi niliyerekodi, nisipotuma shilingi 500 ami ataambiwa. Nikatuma, zile pesa zangu za Idi. Baada ya siku mbili akataka 3,000, mwisho Ijumaa. Tena anasema ana uwezo wa kuifuta video kule TikTok, ila nimtumie tarakimu 6 zitakazoingia kwenye simu yangu. Zimeingia kweli. Bado sijamtumia.

Nimtumie? Nifute akaunti zangu zote nibadilishe namba? Na je, ni lazima binti ami aambiwe? Nikimwambia nitampoteza.

Mimi mwanao, Lamu

*

Wa alaykumu salaam mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa ulikuwa umepewa mwisho wa Ijumaa sikungoja zamu ya safu hii. Nilikuandikia usiku ule ule maneno machache: usitume pesa, usitume tarakimu, mwambie mama yako kabla hujalala. Ukanijibu kesho yake kwamba umemwambia, amelia, kisha ameichukua simu yako akakaa nayo chumbani kwake. Alhamdulillah. Na umeniruhusu nilichapishe jambo hili bila kukutambulisha, kwa hiyo leo naeleza yale ambayo siku ile hayakuwa na nafasi. Kubwa kuliko yote ni la binti ami yako, maana katika jibu lako hukunitajia kwamba yeye umemwambia.

Lakini nianze na huyu mwenye namba, kwa kuwa bado atarudi.

Zile tarakimu 6 hazina uhusiano wowote na TikTok. WhatsApp huzituma kwa mwenye namba pale mtu anapojaribu kuifungua akaunti yake kwenye simu nyingine. Kwa hiyo zilipoingia kwako, yeye alikuwa ameketi na simu yake mkononi, ameshaandika namba yako, anangoja umkabidhi ufunguo. Ungezituma, WhatsApp yako ingefungika kwako na kufunguka kwake. Angeandika kwenye magrupu yako kwa jina lako, na angewaomba mama zako wadogo pesa kwa sauti ya unyonge wakidhani ni wewe. Mwombe mama akurudishie simu kwa dakika tano, mkiwa mmeketi pamoja, mwingie kwenye mipangilio ya akaunti na kuweka uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua namba ya siri ya tarakimu 6 unayoijua wewe. Hapo hata mtu akizipata zile za ujumbe mfupi, hapiti bila hii ya pili.

Kuhusu pesa, ulimpa 500 akarudi na 3,000. Ungempa 3,000 angerudi tena, kwa sababu ulikuwa umeshamwonyesha mambo mawili: kwamba una hofu, na kwamba una pahali pa kutoa pesa. Bidhaa anayokuuzia ni ukimya wako mwenyewe, hana nyingine. Siku mama yako alipojua, nusu ya bidhaa hiyo ilioza. Nusu iliyobaki iko kwa binti ami na kwa ami.

Usimfungie njia kabla hujaweka ushahidi. Piga picha za skrini za kila alichoandika, namba yake ionekane, tarehe na saa zionekane. Ule ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 500 usiufute, ndani yake mna jina la aliyepokea na namba ya muamala. Kisha mfungie, usimjibu hata kwa tusi. Jina hilo nalo, mwanangu, usilitangaze popote. Laini za simu nchini kwetu husajiliwa kwa kitambulisho, na polisi wana njia za kisheria za kumfikia mwenye laini, lakini aliyesajili huenda siye anayekuandikia. Yaweza kuwa ni laini ya bibi kizee ambaye mjukuu wake anaichezea. Ukilibandika jina lake mtandaoni utakuwa umemfanyia yeye lile lile lililofanyiwa binti ami yako.

Kudai pesa kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na halipungui uzito kwa sababu wewe nawe ulikosea. Wengi hukwama hapo. Huona kwamba kwa kuwa wana doa, hawana haki ya kulalamika, na matapeli wanaijua hofu hiyo vizuri. Mama na wewe mwaweza kwenda kituo cha polisi mkaliulizia dawati la jinsia na watoto, au kwa afisa wa watoto. Mkitaka kuzungumza na mtu kabla ya kutoka nyumbani, pigeni 116. Ni simu ya watoto ya Kenya, haitozi hela na hupokelewa saa 24. Wewe una miaka 16 na binti ami 17, nyote wawili ni watoto mbele ya sheria.

Sasa ile video. Sitakudanganya kwamba itarudi ilikotoka. Ile mishale miwili uliyoiona maana yake ni kwamba imepitishwa kutoka mkono hadi mkono si chini ya mara tano. Ikishafika hapo, WhatsApp humruhusu mtu kuituma kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Hilo hupunguza kasi, haliizimi. Iliyoko ndani ya simu za watu haifutwi na kampuni, itafutwa na mwenye simu au ibaki. Lakini ile ya TikTok inaweza kuondolewa, na hiyo ndiyo inayofika kwa watu wasiomjua kabisa. Ibonyeze kwa kidole bila kuachilia, ichague ripoti, useme ni unyanyasaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 na imewekwa bila ridhaa yake. Mama afanye hivyo kwa simu yake, na wale wasichana 9 pia, kila mmoja kwa akaunti yake. Msiandike maoni chini yake, hata ya kumtetea. Najua moyo unataka kujibu. Lakini programu ile hupima watu wanavyoshughulika na video, na maneno yako ya utetezi nayo huhesabiwa, ikaonyeshwa kwa wengine zaidi.

Hapa niwageukie kidogo wasomaji wengine wanaoniandikia mambo mazito kuliko haya. Kama picha iliyosambaa ni ya utupu na uliyemo ulikuwa hujafika miaka 18, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha watoto cha Marekani tangu 2023. Picha haitoki kwenye simu yako. Simu huitengenezea alama ya tarakimu, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili picha ikitokea itambuliwe na kuondolewa. Waliofikisha 18 wana ya kwao, StopNCII.

Narudi kwako. Umeniuliza kama ufute akaunti zote na kubadilisha namba. La. Ukitoweka leo, binti ami atabaki peke yake kwenye kadhia uliyoianzisha wewe, na ushahidi utapotea pamoja na akaunti.

Nami nimekaa mlangoni kwenye harusi hizi. Nimewahi kupewa kapu la ukili magotini, nikipokea simu moja moja, nikizifunga vikaratasi vya majina kwa raba. Kila aliyeniwekea simu mle alikuwa ananiambia, bila kutamka, kwamba anaingia kuvua buibui akijua macho yaliyo ndani ni ya wanawake wenzake na hakuna jicho jingine. Ndio maana bibi mwenye miaka 70 huinuka akacheza. Ndio maana mtu wa haya kama binti ami yako akaachia nywele. Zamani, nilipokuwa msichana, kamera ilikuwa moja nyumba nzima, filamu ya picha 36, na bado mama zetu walibishana nani ataipeleka kusafishwa, na je, yule fundi studio ni mtu wa kuaminika. Picha 36 ziliwanyima usingizi! Tumefunzwa kwamba majlisi ni amana. Chumba kile kilikuwa amana, na uliivunja ulipoinua ile simu mbovu na kuitia kapuni. Kuchagua watu 9 kulikuja baadaye, jambo lilikuwa limeshaharibika mlangoni. Tena status haikuambii ni nani aliyeirekodi skrini yake. Wanane wanaweza kuwa waaminifu, wa tisa akawa na kaka.

Nakwambia haya kwa kuwa unapokwenda kwa binti ami usiende na nusu. Ukimwambia "ilinitoka kwa bahati mbaya", atakuuliza simu ilipitaje mlangoni, na hapo utaanza uongo wa pili. Ule wa kwanza, "sijui", umeshaumia nao vya kutosha.

Nenda wewe mwenyewe. Usimtumie ujumbe wa sauti, wala usimtume mama atangulie kukupasulia njia; mama akae barazani na mke wa ami, wewe uingie ndani. Usiende na madaftari siku hiyo, asije akadhani umekuja kwa jingine. Mwambie, "Ni mimi niliyekurekodi. Niliwadanganya mlangoni, nikatoa simu mbovu. Niliweka kwa watu tisa. Uliponiuliza nilikwambia sijui, nilikuwa najua. Kuna mtu ananidai pesa kwa jambo hili na nimeshamwambia mama." Kisha unyamaze. Usiseme "lakini ulipendeza", wala usilie mpaka ikabidi yeye ndiye akubembeleze. Akikufukuza, toka. Akikaa mwezi hazungumzi nawe, ni haki yake, nawe madaftari uendelee kuyapeleka, uyaache kwa mama yake.

Muulize jambo moja tu: anataka nini kifanyike? Kwa sababu la yule mtapeli ni lako na mama yako, mwende mkashtaki. Lakini la waliombandika maneno machafu na kuisambaza ni lake yeye na wazazi wake. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni, kifungu cha 27, inauhesabu unyanyasaji wa mtu mtandaoni kuwa kosa, awe ameufanya mtu peke yake au pamoja na wengine, na adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Katiba nayo, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Huenda akataka kwenda mbele. Huenda akataka litulizwe kwa wazee, vijana wale waitwe na wazazi wao, wafute wakishuhudiwa. Huenda leo hataki chochote ila kulala. Ulimchagulia mara moja bila kumuuliza. Safari hii achague mwenyewe.

Ami naye asikie kutoka kwako, mama akiwa karibu. Najua ndiye unayemwogopa kuliko wote. Lakini amemwadhibu binti yake kwa kosa alilolifanya mwingine, na hatalijua hilo mpaka wewe useme. Nami namwomba, na wazee wenzake wote watakaosoma hapa: huyu mtoto alikuwa ndani ya nyumba, kati ya mama zake, katika harusi ya ukoo. Hakuna alilokosa. Kumnyima simu na masomo kunawaambia vijana wa Mkunguni kwamba walisema kweli. Na kunawafunza mabinti wengine wa nyumba hiyo kwamba siku wakifikwa na baya mtandaoni wasithubutu kumwambia baba. Huyu aliyeniandikia, naye ni mwanao, alitoa 500 za Idi kwa mtu asiyemjua kwa sababu hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini ili mtoto asifiche lazima awe na wa kumfunulia.

Na nyinyi mlioipokea. Najua mpo, maana mji wetu ni mdogo na safu hii mnaisoma. Wengi wenu hamkuandika neno lolote chafu, mliitazama tu na mkaipitisha, au mkaweka kicheko kimoja. Yule binti akipita hajui ni nani kati yenu aliyeandika na nani aliyecheka, anaona macho tu. Ifuteni, na ifuteni pia kwenye ghala la picha, maana WhatsApp huweka nakala huko. Kisha mmoja wenu aandike kwenye grupu: "Huyu ni dada yetu, tufute." Nimewahi kuona grupu la watu zaidi ya 100 likinyamaza kwa sentensi ya namna hiyo, na baada ya dakika mbili wa pili akaandika "kweli", na wa tatu. Admini wa grupu, wewe una uwezo wa kumfutia kila mtu ujumbe uliomo humo. Ni kazi ya kidole kimoja.

Mwanangu, umeniambia mama anakurudishia simu Jumapili. Nenda kwa binti ami yako, Mkomani, Jumamosi basi, baada ya alasiri, kabla simu haijarudi mkononi mwako.